Kesi za Chuki Hujengwa Saa ya Kwanza

Mwaka 2004 Mahakama Kuu jijini London iliamua rufaa ambayo kiini chake kilikuwa dakika 20. Mtu mmoja alikuwa ameharibu mali ya jirani yake. Polisi walimfuata nyumbani kwake kumhoji, na hapo, kiasi cha dakika 20 baada ya tukio, akatamka maneno ya kumdharau jirani huyo kwa sababu ya asili yake. Uharibifu wenyewe ulithibitika. Kilichobishaniwa ni kama ulikuwa uharibifu wa kawaida au uharibifu uliozidishwa uzito na chuki ya rangi, kosa lenye adhabu kubwa zaidi. Majaji walilitupa shtaka zito. Sheria inataka uadui uonekane wakati wa kosa, au punde tu kabla au baada yake, na maneno yaliyotoka mbele ya polisi baada ya muda huo wote hayakuhesabiwa kuwa sehemu ya tukio.

Uamuzi huo, unaojulikana kwa jina la Parry, unagusa jambo ambalo midahalo mingi kuhusu uhalifu wa chuki hulipita. Watu hubishana juu ya ukali wa sheria: kifungo cha miaka mingapi, maneno yapi yakatazwe, kundi gani lilindwe. Uzoefu wa England na Wales, ambako makosa haya yamekuwa na vifungu vyake vya sheria tangu 1998, unaonyesha kwamba hatima ya kesi huamuliwa mapema zaidi ya hapo. Huamuliwa na askari wa kwanza kufika: anamuuliza nani, anaandika nini, anachukua nguo ya nani na kuitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Sheria ya Uhalifu na Vurugu ya 1998 ilichukua makosa yaliyokuwapo tayari, yaani shambulio, uharibifu wa mali, fujo hadharani na usumbufu wa kumwandama mtu, ikatunga juu ya kila moja kosa zito zaidi pale chuki ya rangi inapothibitika. Shambulio la kawaida lina kifungo kisichozidi miezi sita. Likiambatana na chuki, kifungo kinaweza kufika miaka miwili. Uharibifu wa mali unatoka miaka 10 hadi 14. Kwa mauaji hakuna kosa la pekee, kwa kuwa adhabu ni kifungo cha maisha kwa vyovyote. Hata hivyo, tangu sheria ya 2003, jaji anapopanga miaka ambayo muuaji mtu mzima lazima aitumikie kabla ya kufikiriwa kuachiwa, huanzia 30 ikiwa mauaji yalitokana na chuki ya rangi au dini.

Mwendesha mashtaka ana njia mbili za kuthibitisha chuki hiyo. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba mshtakiwa alidhihirisha uadui dhidi ya mwathirika kwa sababu ya kundi lake. Ya pili ni kuonyesha kwamba uadui huo ndio uliomsukuma, wote au sehemu yake. Tofauti ni kubwa. Njia ya pili inahitaji kuingia katika nafsi ya mtu: barua zake, ujumbe wa simu, marafiki zake, mambo aliyoyasema miezi iliyopita. Njia ya kwanza haihitaji hayo. Inauliza nini kilisikika na nini kilionekana.

Mahakama zimeilinda njia hiyo ya kwanza kwa uthabiti. Mwaka 2002 ilifika rufaa kuhusu bawabu aliyetukanwa kwa rangi yake na kushambuliwa, baada ya mtu mmoja kukataliwa kuingia ukumbini. Mahakimu wa chini waliona kwamba mshambuliaji alikuwa na hasira ya kukataliwa tu, na bawabu mwenyewe alisema tusi halikumsumbua. Mahakama ya juu ilisema hayo yote hayabadilishi kitu: uadui wa rangi ulidhihirishwa, na inatosha. Mwaka uliotangulia, Mahakama ya Rufani ilikuwa imeamua kesi ya kondakta wa basi, mwanamke aliyetoka Sierra Leone, aliyetukanwa kwa Uafrika wake na mwanaume ambaye naye alikuwa mweusi, mwenye asili ya visiwa vya Karibi. Utetezi ulidai kwamba Waafrika ni wa mataifa mengi mno kuitwa kundi moja la rangi, tena mshtakiwa hangeweza kumbagua mtu wa rangi yake. Hoja zote mbili zilikataliwa.

Kisha, mwaka 2007, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, lilipokea kesi ya mtu aliyekuwa kwenye kigari cha walemavu. Alizozana na wasichana watatu wa Kihispania njiani, akawatusi kuwa ni wageni, akawaambia warudi kwao, kisha akawafukuza hadi ndani ya duka la kebabu. Hakutaja taifa lolote. Malodi waliona kwamba kumchukia mtu kwa kuwa si mzaliwa wa hapa kunatosha, hata kama mwenye chuki hajui wala hajali mlengwa ametoka wapi. Uamuzi huo una maana kubwa kwa kila Mkenya, Mtanzania au Mkongo anayeishi Leicester au Birmingham, kwa sababu anayemtukana barabarani mara nyingi hajui hata Nairobi iko wapi.

Kwa hiyo maneno ya sheria yamepanuliwa vya kutosha. Lakini maneno hayo hayajiandiki yenyewe kwenye jalada, na hakuna mfano unaoonyesha hilo kwa uchungu kuliko wa Stephen Lawrence.

Kijana huyo alikuwa na miaka 18. Usiku wa Aprili 22, 1993, yeye na rafiki yake Duwayne Brooks walikuwa wakisubiri basi katika barabara ya Well Hall, mtaa wa Eltham, kusini mashariki mwa London. Genge la vijana wazungu lilivuka barabara, mmoja wao akapaza tusi la rangi, na Stephen akachomwa kisu. Alikimbia kidogo, akaanguka, akafa. Palikuwa na shahidi aliyeona kila kitu na kulisikia tusi lile kwa masikio yake. Kwa kipimo chochote, uadui ulidhihirishwa.

Yaliyofuata yaliandikwa kwa urefu katika ripoti ya tume iliyoongozwa na Sir William Macpherson, iliyotolewa Februari 24, 1999. Polisi waliofika hawakumpa majeruhi huduma ya kwanza ipasavyo. Brooks, ambaye alikuwa mwathirika na shahidi mkuu, alitendewa kana kwamba naye alikuwa na la kujibu. Kumbukumbu za hatua za mwanzo zilikuwa hafifu. Ndani ya siku chache raia walikuwa wamewapelekea polisi majina ya washukiwa, lakini hakuna aliyekamatwa. Polisi waliowekwa kuchunguza nyumba ya mshukiwa walimwona mtu akitoka na mfuko mweusi wa taka wenye kitu kilichofanana na nguo. Hakusimamishwa, na aliyekuwa akipiga picha hakuwa na njia ya kuwapasha habari wenzake. Mei 6, Nelson Mandela, akiwa ziarani London, alikutana na wazazi wa Stephen, Neville na Doreen. Watu wa kwanza walikamatwa siku iliyofuata, wiki mbili na siku moja baada ya mauaji.

Katika wiki mbili nguo hufuliwa, visu hutupwa, na hadithi hupangwa. Julai 1993 Idara ya Mashtaka ya Serikali iliwafutia mashtaka vijana wawili kwa kukosa ushahidi. Familia ikafungua kesi yake binafsi, ambayo ilivunjika mwaka 1996 katika mahakama ya Old Bailey baada ya jaji kukataa ushahidi wa Brooks wa kuwatambua washtakiwa. Watatu waliachiwa huru, na kwa sheria ya wakati huo hawangeweza kushtakiwa tena kwa mauaji hayo daima.

Ilichukua mabadiliko ya sheria kuufungua mlango huo. Tume ya Macpherson ilipendekeza ifikiriwe kuruhusu mtu aliyeachiwa kushtakiwa upya panapopatikana ushahidi mpya wenye nguvu, Bunge likapitisha jambo hilo katika sheria ya 2003, na likaanza kutumika Aprili 2005. Wataalamu wa maabara waliporudia kuchunguza vielelezo, walikuta kwenye ukosi wa koti la mshukiwa mmoja, Gary Dobson, tone la damu lenye upana wa nusu milimita. Lilikuwa la Stephen. Kwenye nguo za mwingine, David Norris, kulikuwa na nyuzi na kipande cha unywele. Mkurugenzi wa Mashtaka aliyeridhia ombi la kumrudisha Dobson mahakamani alikuwa Keir Starmer, ambaye baadaye angekuwa waziri mkuu. Januari 3, 2012, Dobson na Norris walitiwa hatiani. Kwa kuwa walikuwa chini ya miaka 18 wakati wa mauaji, walipewa vifungo vya maisha vyenye muda wa chini wa miaka 15 na miezi miwili kwa mmoja, na miaka 14 na miezi mitatu kwa mwingine.

Jambo moja katika habari hiyo lisipitwe haraka. Koti lile halikupatikana mwaka 2008 wala 2010. Lilichukuliwa na polisi siku ya kukamatwa kwa Dobson, Mei 7, 1993, likahifadhiwa kama kielelezo kwa miaka mingi. Pamoja na makosa yote ya upelelezi ule, mtu fulani siku hiyo aliifanya sawasawa kazi ndogo ya kuchukua nguo, kuitia kwenye mfuko na kuiandika. Kazi hiyo ndiyo iliyowapeleka watu wawili gerezani.

Macpherson aliacha pia maelekezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi ya polisi: tukio ni la kibaguzi ikiwa mwathirika au mtu mwingine yeyote anaona ni la kibaguzi. Wakosoaji wengi huyashambulia wakidhani yanamfanya mlalamikaji kuwa hakimu. Sivyo. Yanamlazimisha askari kuandika na kuchunguza, basi. Mahakamani chuki lazima ithibitishwe pasipo kuacha shaka, kama kipengele kingine chochote cha kosa. Tume ilikuwa na sababu ya kuweka mlango wa kuingilia kuwa mpana. Ilikutana na maofisa ambao, hata miaka mitano baada ya Stephen kuuawa, walikuwa bado wanakataa kwamba aliuawa kwa rangi yake tu. Tukio lisipoandikwa tangu mwanzo kuwa huenda ni la chuki, hakuna atakayeuliza maswali ya chuki, na dakika zinazohitajika na sheria zitapita.

Upana wa mlango huo unaonekana katika takwimu. Katika mwaka ulioishia Machi 2024, polisi wa England na Wales waliandikisha makosa ya chuki 140,561. Ya rangi yalikuwa 98,799. Ya dini yalikuwa 10,484, ongezeko la asilimia 25 kwa mwaka mmoja, lililosukumwa na mashambulizi dhidi ya Wayahudi na Waislamu baada ya vita vya Gaza kuanza Oktoba 2023. Kesi zinazofika mahakamani ni sehemu ndogo ya hizo, lakini zikishafika, zaidi ya asilimia 80 huishia kwa hatia, nyingi kwa washtakiwa kukiri. Pengo liko kati ya kituo cha polisi na mlango wa mahakama, na ndiko juhudi zinakopaswa kuelekezwa.

Dini ilichelewa kuingia katika sheria hizi, na ucheleweshaji huo uliumiza watu. Mwaka 1983 Baraza la Malodi liliamua, katika kesi ya mvulana wa Kisingasinga aliyekataliwa shule ya Birmingham kwa sababu ya kilemba chake, kwamba Masingasinga ni jamii yenye asili na historia yake, hivyo wanalindwa na sheria za rangi. Wayahudi walihesabiwa vivyo hivyo. Waislamu, kwa kuwa ni wa mataifa yote, hawakuhesabiwa. Kuanzia 1998 mtu aliyemshambulia Mpakistani kwa Upakistani wake alikabiliwa na shtaka zito, lakini aliyetamka Uislamu tu aliweza kuponyoka. Pengo hilo lilizibwa kwa makosa ya shambulio na fujo Desemba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11.

Uchochezi wa chuki ya kidini ulingoja hadi 2006, tena kwa shida. Serikali ya Tony Blair ilitaka sheria pana, Malodi, ambao pia ni baraza la juu la Bunge, wakaipunguza, na Januari 31, 2006, wabunge wakaunga mkono Malodi kwa kura 283 dhidi ya 282. Blair mwenyewe alikuwa ameshaondoka ukumbini. Matokeo yake ni kwamba kwa rangi, maneno ya vitisho, matusi au ya kukashifu yanatosha ikiwa yalikusudiwa kuamsha chuki au yangeweza kuiamsha. Kwa dini, lazima yawe ya vitisho, na nia ya kuchochea ithibitishwe. Kuikosoa dini, kuikejeli, hata kuidhihaki kwa ukali, kumelindwa waziwazi. Mpaka huo ni wa haki. Muumini ana haki ya kulindwa dhidi ya anayetaka achomewe nyumba. Hana haki ya kulindwa dhidi ya anayemwambia imani yake si ya kweli.

Kesi ya shambulio dhidi ya Waislamu inaonyesha tena uzito wa saa ya kwanza. Usiku wa manane wa Juni 19, 2017, Darren Osborne aliingiza gari la kukodi katikati ya waumini waliokuwa wametoka kuswali tarawehe katika eneo la Finsbury Park, kaskazini mwa London. Makram Ali, mwenye umri wa miaka 51, aliuawa, na wengine wakajeruhiwa. Watu waliokuwapo walimkamata Osborne na kumwangusha chini. Imamu Mohammed Mahmoud aliwazuia wasimpige, akawataka wasimame kumzunguka hadi polisi wafike.

Wengi walimsifu imamu kwa ubinadamu wake, na walikuwa na haki ya kumsifu. Kwa macho ya mwendesha mashtaka alifanya zaidi ya hapo. Alikabidhi mshtakiwa aliye hai, mwenye maneno yake ya papo hapo masikioni mwa mashahidi, na gari ambalo ndani yake ilikutwa barua aliyoiandika kwa mkono, iliyojaa chuki. Mbele ya Mahakama ya Woolwich, Osborne alijaribu kudai kwamba mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiendesha. Jopo la raia wanaoamua kesi lilihitaji kiasi cha saa moja tu kumtia hatiani, na Februari 2018 alihukumiwa kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 43.

Uchochezi wa mtandaoni umeipa kazi hii sura mpya. Julai 29, 2024, wasichana watatu waliuawa kwa kisu katika mji wa Southport. Uvumi ulienea kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia nchini kwa boti akiomba hifadhi. Alikuwa kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Cardiff kwa wazazi waliotoka Rwanda. Kufikia wakati jaji aliporuhusu jina lake litajwe, Agosti 1, msikiti wa Southport ulikuwa umeshashambuliwa, na siku chache baadaye hoteli walimokaa waomba hifadhi karibu na Rotherham ilitiwa moto kukiwa na watu ndani.

Starmer, wakati huo akiwa waziri mkuu, aliona mashtaka yakienda kwa kasi ambayo familia ya Lawrence haikuwahi kuionja. Agosti 9 mwanaume aliyehimiza kwenye Facebook hoteli moja ya Leeds ishambuliwe alifungwa miezi 20. Oktoba mwanamke wa Northampton alifungwa miezi 31 kwa ujumbe wa kutaka hoteli za waomba hifadhi zichomwe. Ulitazamwa mara 310,000 kabla hajaufuta. Wote wawili walikiri. Walikuwa wamejiandikia ushahidi wenyewe, wenye saa, tarehe na jina.

Hukumu hizo ziliamsha malalamiko kwamba watu wanafungwa kwa fikra zao, na malalamiko hayo yanastahili jibu la heshima. Historia ina onyo lake. Sheria ya kwanza ya kuzuia uchochezi wa rangi ilikuwa ya 1965. Mwaka 1967 ilimfunga Colin Jordan, kiongozi wa Wanazi mamboleo, lakini mwaka huohuo ilimfunga pia Michael X, mwanaharakati mweusi, kwa hotuba yake. Chombo kilichotengenezwa kumlinda mnyonge kinaweza kugeuziwa yeye. Ndiyo sababu kesi ya uchochezi haiwezi kufunguliwa bila idhini ya Mwanasheria Mkuu, na ndiyo sababu mahakama inapaswa kushikilia maneno yenyewe, mazingira yake na hatari yake. Aliyeandika hoteli ichomwe wakati magenge yako barabarani hakufungwa kwa kuwaza.

Kenya imerithi sehemu ya lugha ya sheria hizi. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, ambayo Tume ya Waki iliyoyachunguza iliyahesabia vifo 1,133, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Kifungu chake cha 13 kinafuata kwa karibu sana sheria ya Uingereza ya 1986 kuhusu uchochezi wa rangi: maneno ya vitisho, matusi au kashfa, yenye nia ya kuchochea chuki ya kikabila au yanayoweza kuichochea. Adhabu ni hadi miaka mitatu gerezani, faini isiyozidi shilingi milioni moja, au vyote viwili.

Karatasi, basi, ipo. Juni 2016 wanasiasa wa serikali na wa upinzani waliotuhumiwa uchochezi walilazwa mahabusu katika kituo cha Pangani, Nairobi, na nchi ikashusha pumzi ikidhani zama mpya zimeanza. Kesi nyingi za namna hiyo dhidi ya wakubwa zimeishia kufutwa, kusuluhishwa au mshtakiwa kuachiwa. Siasa ina sehemu yake katika hilo, lakini ushahidi nao una sehemu yake. Maneno husemwa kwenye mazishi au mkutano wa kampeni, kwa lugha ya mama, kwa mafumbo ambayo wenyeji huyaelewa lakini hakimu hayaelewi. Video husambaa kwenye WhatsApp bila kujulikana aliyeirekodi, wakati Sheria ya Ushahidi inataka cheti cha anayewajibika na kifaa kilichotoa rekodi hiyo. Kipande cha sekunde 40 hukosa hotuba yake kamili, na tafsiri huandaliwa miezi baadaye na mtu ambaye hakuwapo.

Uchaguzi mkuu wa Kenya ujao ni Agosti 2027. Yanayohitajika hayadai sheria mpya wala bajeti ya kutisha: askari aliyefunzwa kurekodi hotuba nzima katika mikutano yenye hatari na kutia saini cheti chake siku hiyohiyo, watafsiri walioapishwa wa Kikuyu, Kikalenjin, Kiluo, Kisomali na lugha nyingine, walioteuliwa kabla kampeni hazijaanza, mwendesha mashtaka anayesoma jalada ndani ya saa chache na kumwelekeza mpelelezi shahidi gani aongezwe, na wazee wa eneo walio tayari kuieleza mahakama, kwa kiapo, fumbo lile lilimaanisha nini masikioni mwa waliokuwa wakipiga makofi.